Chagua Kisiwa kwa Kero Zake

Mtu wa Dar es Salaam mwenye likizo mkononi lakini asiye na nauli ya ndege ana njia mbili za kwenda visiwani. Ya kwanza inaanzia bandarini katikati ya mji, ambako boti ya mwendo kasi humshusha Unguja baada ya saa mbili hivi. Ya pili inaanzia Mbagala, ndani ya basi la kwenda Nyamisati wilayani Kibiti, kisha chombo kinachotoka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji kuelekea Kilindoni, Mafia. Akiomba ushauri, ataonyeshwa picha, na picha hazimsaidii kitu. Mchanga mweupe uko pande zote mbili, minazi iko pande zote mbili, na bahari ni ileile. Zichanganye picha hizo mezani, hata mwenye hoteli atababaika kuitambua yake. Hata majina hayaaminiki: Bwejuu ni kijiji cha mashariki ya Unguja, na Bwejuu pia ni kisiwa kidogo huko Mafia, kwa hiyo anayelipia chumba bila kuuliza vizuri anaweza kulala katika funguvisiwa moja huku mkewe anamsubiri katika jingine. Kinachotofautisha visiwa hivi ni jinsi kila kimoja kitakavyokuharibia likizo. Kwa kipimo hicho naishika Mafia, kwa sababu kero zake nyingi huletwa na maji, mwezi na upepo. Za Unguja huletwa na binadamu mwenzako, naye ana bei.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, idadi inayotosha kumfundisha kila mtu bandarini kusoma mfuko wa mgeni kwa mbali. Hamali analishika begi kabla mwenyewe hajaamua kama ni zito. Papasi, yaani dalali wa wageni, anajua unakokwenda, hata kama wewe hujui. Mtu wa Bara hujipa moyo kwamba Kiswahili chake kitamwokoa, lakini lafudhi inamchongea kabla salamu haijaisha, na bei anayopewa inaelea mahali fulani kati ya mwenyeji na Mtaliano. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una vichochoro vinavyomrudisha mtu mbele ya mlango uleule wa nakshi mara ya pili na ya tatu. Safari ya tatu kijana mpole anajitolea kumwongoza, na hoteli inagundulika kuwa nyuma ya ukuta aliokuwa ameuegemea. Hapo ndipo upole unapodai chai. Jioni Forodhani, anayekula mishikaki ya pweza kwanza na kuuliza bei baadaye hana wa kumlaumu, ingawa atamlaumu mwenye jiko.

Mafia nako mambo huharibika, tena sana. Chombo hungoja maji, na maji hayamngoji mwenye tiketi. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali, mashua ikakaa juu ya mchanga kama gari lililoishiwa mafuta, na abiria wakavua viatu bila kuambiwa. Safari ya magofu ya Kua, kisiwani Juani, hupangwa kwa kuangalia maji kwanza na saa baadaye. Halafu yuko potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana karibu na Kilindoni takriban kuanzia Oktoba hadi Machi. Anafuata chakula chake, viumbe wadogo wa baharini, na hajui kwamba umeshawaahidi wafanyakazi wenzako picha. Lakini tazama tofauti: potwe asipotokea, hakuna wa kugombana naye. Huwezi kumwambia mwezi akuitie meneja. Hasira inakosa anwani, na hasira isiyo na anwani huisha kabla ya chakula cha mchana.

Atatokea mtu aseme kwamba maji hupwa Unguja pia. Ni kweli, na Paje na Jambiani ni ushahidi: bahari huondoka ikaacha mashamba ya mwani na akina mama wakiyahudumia. Ila mgeni wa huko amelipia chumba cha kutazama bahari, kwa hiyo bahari ikiondoka huiendea mapokezi kuidai. Kendwa na Nungwi maji hayaendi mbali, na ndiyo maana kupata nafasi ya kutandika taulo ni kazi.

Hoja ya boti ya saa mbili ina nguvu zaidi, lakini isikuzwe. Msimu wa kusi, boti inayorudi Dar huukabili upepo uso kwa uso, na mifuko ya kutapikia hugawiwa kwa ukarimu. Kasi haiondoi kichefuchefu. Inakipa ratiba tu. Hata hivyo, mwenye siku tatu, watoto wawili na mama mkwe asijidanganye, aende Unguja. Huko kuna hospitali nyingi, usafiri wa mara kwa mara na urojo, na mama mkwe aliyekwama Nyamisati akingoja maji yajae ni kero ambayo hata mimi sina utetezi wake.

Wapemba watalalamika, na wana haki, kwamba nimeihukumu Zanzibar nzima kwa dhambi za Unguja. Kisiwa chao kina mikarafuu, vilima vya kijani na wageni wachache, na mtu akikwama huko kwa kawaida amekwamishwa na bahari. Kwa tabia, Pemba ni ndugu yake Mafia. Tatizo liko njiani tu: safari ya kutoka Dar kwa kawaida hupitia Unguja kwanza, hivyo anayeikimbilia Pemba ili awakwepe hamali na papasi hukutana nao wakati wa kwenda, kisha tena wakati wa kurudi, nao safari hiyo wanamfahamu kwa sura.