Mauntini Mbili na Mtaa Mzima

Gari linalogonga halina siri. Corolla 110 yangu ilipoanza mlio wa mbele, wa mwisho kupata habari nilikuwa mimi mwenye gari. Mtaani kwetu Tabata walishajua zamani. Muuza genge wa kona alikuwa akisikia ko-ko-ko kwenye rasta kule barabarani, anaanza kunipimia nyanya kabla sijatokeza. Mama watoto naye akiusikia anainjika maji ya ugali. Kwa hiyo mlio ulikuwa na faida zake, na ningeishi nao kwa amani kama si abiria.

Mtu wa kupewa lifti ni daktari asiyesomea. Hajafunga mkanda, tayari ameinamisha sikio. "Kaka, hiyo bushi." Ukimshusha huyo, anayefuata anakwambia bolijointi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: muuza matairi aliona tatizo ni tairi, kijana wa alaimenti akaona ni alaimenti, na jirani yangu anayeuza bima hakutaja ugonjwa wowote, aliuliza tu kama nimekata bima kubwa.

Fundi niliyekuwa nampelekea akabadilisha stabilaiza linki. Mlio ukatulia mpaka nilipomaliza kumlipa. Akabadilisha tairodi, ukatulia mpaka getini. Siku alipoanza kuukazia macho mfumo mzima wa usukani nikajua shule zinakaribia kufunguliwa na ada inatafutwa, nikawasha gari nikaondoka.

Aliyemkamata mwizi ni mzee mmoja wa Gerezani, fundi wa siku nyingi, tena bila kushika spana. Alifungua boneti, akaniambia nikae ndani niukate usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, yeye akaweka kiganja juu ya kichwa cha shokapu, pale kinapotokeza pembeni mwa injini. Halafu tukabadilishana, yeye ndani, mimi nje. Ukiweka mkono pale husikii kwa masikio, unasikia kwa mifupa. Usukani unakatwa, springi inagoma kugeuka, inajikaza, inazidi kujikaza, kisha inaachia kwa mruko mmoja unaokufika kwenye kiwiko. "Mauntini hizo," alisema akijifuta mkono. "Beringi imekufa, raba imepasuka. Vingine vyote ulivyofungiwa ni vipya kabisa, hongera."

Kwa ambaye hajawahi kuinama huko: shokapu ya mbele imesimama wima katikati ya springi, na juu imefungwa kwenye bodi kwa pande la chuma na raba lenye upana wa kisahani cha chai. Hilo ndilo mauntini. Raba inameza mishindo ya barabara, na beringi iliyo ndani inaiacha springi izunguke pamoja na tairi unapokata kona. Vikifa hivyo viwili, kila shimo la barabarani linapanda bila kizuizi hadi kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi hadi kwenye meno ya dereva.

Aliyeibuni nguzo hiyo ya shokapu na springi kwa pamoja ni mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Aliuanza mpango wake akiwa General Motors miaka ya 1940, kisha akahamia nao Ford. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ford Consul na Ford Zephyr za Uingereza zikatoka nao, na mwaka 1955 Zephyr ikashinda mbio za Safari, zile zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope. Habari hii naiandika kwa uchungu. Mfumo uliomaliza Afrika Mashariki yote bila lami, kwangu umeshindwa na rasta za Tabata.

Kununua spea nako kuna elimu yake. Gerezani hawakuulizi unataka kitu gani tu, wanakuuliza unataka cha aina gani: orijino, mtumba wa Japani, cha Dubai, au "cha kawaida". Cha kawaida maana yake usiulize. Kijana aliyenihudumia alikigonga chuma kwa ukucha, akakisikiliza, akafumba macho.

"Hii 80,000 kila moja, boss wangu. Orijino."

"Mbona boksi lina jina la gari jingine?"

"Boksi lake lilichanika, boss. Tukaliazima hilo."

Nikamwambia 50,000. Akashika kifua, akaniuliza kama nina watoto, akamuita mwenzake aje anione. Nikageuka kuondoka, akaniita. Hapo ndipo biashara ya kweli inapoanzia na ndipo tulipoimalizia, nikachukua jozi, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja tu ule mwingine unakufa kwa kijicho.

Kwa nini niliamua kuzifunga nyumbani na si gereji? Nilikuwa nimechoka kulipia ufundi wa vitu vizima. Na kazi yenyewe, kwa kuisikiliza, ni rahisi: toa tairi, shusha shokapu, bana springi, badilisha, rudisha. Nilikuwa na jeki, nina soketi, nina mpwa wangu anayesoma umeme wa majumbani chuoni, ambaye katika ukoo wetu ndiye mtu wa karibu zaidi na uhandisi. Vile vyuma virefu vya kubania springi nilikodi kwa fundi mmoja aliyeshikilia kitambulisho changu cha NIDA kuwa rehani. Bolti za chini zilikuwa zimelowekwa mafuta tangu usiku. Nikajiona nimejipanga.

Nilichosahau kukipanga ni mtaa.

Ukifungua boneti ndani ya uwanja wa gereji, wewe ni mteja. Ukiifungua chini ya mwembe, mbele ya nyumba, Jumamosi asubuhi, wewe ni mkutano wa hadhara. Hatujatoa hata kifuniko cha rimu, watu watano walishasimama mikono nyuma. Wa kwanza kuketi, tena kwenye kiti alichokuja nacho, ni Mzee wa Reli wa nyumba ya pili, ambaye alifanya kazi TAZARA tangu ujana wake na hajawahi kuona kazi ya chuma iliyofanywa sawasawa tangu alipostaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jeki hiyo inazama."

Kweli ilikuwa inazama. Kwetu ni mchanga mtupu, na jeki ilikuwa inaingia ardhini kwa kasi ileile ambayo gari lilipaswa kupanda. Nikamtuma mpwa akalete kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki na kitu kizito cha kuzuia tairi la nyuma. Alirudi na ubao mzuri, na mbuzi ya kukunia nazi. Sikuuliza ni ya nani. Tukaikandamiza nyuma ya tairi, ikafiti hasa, gari likapanda na kutulia. Tulipomaliza kutoa tairi na kuegemeza uzito wote, ndipo sauti ya mama wa nyumba ya mkabala ikasikika ikiuliza nani kaona mbuzi yake, maana wali wa nazi unamngoja. Akaja, akaikuta, akaiangalia. Ikabidi aelezwe kwamba kwa wakati ule mbuzi ilikuwa imebeba gari na kitoweo chake ni roho za watu. Aliondoka bila neno. Nazi alikuniwa na majirani, na hadi leo akinisalimia hamalizii salamu.

Ukitazama juu ya kichwa cha shokapu utaona nati tatu ndogo za namba 14 zimeizunguka nati moja kubwa ya katikati. Hizo ndogo zinaishika mauntini kwenye bodi. Ile kubwa inaizuia springi isiende mbinguni. Unailegeza kidogo tu gari likiwa chini, ili baadaye isikusumbue kwa kuzunguka pamoja na fimbo ya shokapu, kisha unaiacha hapohapo. Kuimaliza kabla springi haijabanwa ni kuwatafutia wenzako kazi ya kuchimba. Nilimweleza mpwa jambo hili taratibu, kwa mifano, naye akaitikia kila sentensi. Nikainama kufungua kishikizo cha mpira wa breki. Nilipoinuka, kijana wa umeme alikuwa amepanda juu ya bampa, spana iko kwenye nati ya katikati, anavuta kwa mikono miwili.

Sikuwahi kupiga kelele. Aliyepiga ni Mzee wa Reli, kwa sauti ya kusimamishia treni ya mizigo, na mpwa akatua chini pamoja na spana.

Bolti mbili za chini ziliamuliwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mafuta ya usiku kucha hayakuzishawishi. Tukavalisha bomba la maji kwenye spana kuongeza mkono, vijana wawili wakalining'inia, mmoja akihesabu na mwingine akitukana kutu. Nati iliachia kwa mlio uliowafanya kuku wa jirani wapande ukuta. Vijana wakadai soda pale pale, na bado upande wa pili ulikuwa haujaguswa.

Katikati ya soda hizo akatoka Mama Neema, amevaa sare ya kitchen party, kilemba kimesimama, mkoba mkononi. Akaliangalia gari: mguu mmoja hewani, shokapu imelazwa juu ya gunia, mume amelowa oili.

"Baba Neema, hili gari linapata miguu saa ngapi?"

Nikamwambia saa moja tu. Alikuwa ameshaolewa na mimi muda wa kutosha kulielewa jibu hilo, akaita bajaji. Bajaji ikapita kwenye tuta la mbele ya nyumba bila mlio wowote, nikamwona akigeuka makusudi kuniangalia.

Kubana springi ndiyo sehemu pekee ya siku ile niliyofanya kazi bila ushauri. Unavipachika vile vyuma viwili, kimoja kinatazamana na kingine, kulabu zimeng'ata mizunguko ya springi, kisha unakaza kidogo huku, kidogo huku, bila kukipendelea kimoja. Springi inalalamika. Inalia kwa sauti nyembamba, na kila ukikaza inasogea kwa kiasi cha unene wa kucha. Nilipoinua uso, mkutano ulikuwa umehama. Wa bodaboda wako nyuma ya pikipiki zao, mpwa yuko nyuma ya tangi la maji, na Mzee wa Reli amekisogeza kiti chake hadi upande wa pili wa mwembe, ametoa sikio moja tu. Laiti ningejua, ningeibana springi ile tangu asubuhi.

Mauntini ya zamani ikatoka. Kwa kweli zilitoka mbili: chuma kilibaki mkononi na raba ikaanguka kwenye gunia peke yake. Beringi ilikuwa imejaa unga mwekundu wa kutu, ukiizungusha inatafuna mchanga. Watu wakarudi, wakaipokezana mkono kwa mkono, na kila aliyeishika akakumbuka kwamba tangu mwanzo yeye alisema ni mauntini. Hata yule wa bushi alikuwepo.

Kurudisha si kugumu ukiwa na subira: ncha ya springi ikae kwenye kidato chake, nati ya katikati ikazwe kabla hujailegeza springi, zile nati tatu zishikwe kwa vidole kwanza ndipo zikazwe. Kinachochosha ni kuzilenga tundu za juu wakati mwenzio anainua shokapu kwa chini na watu sita wanasema "kushoto" wakimaanisha kushoto kwao. Mzee wa Reli alitazama saa.

"TAZARA ni kilomita 1,860," alisema. "Tumeijenga kuanzia 1970, mwaka 1975 reli imekamilika. Mna madaraja mle, mna mahandaki. Ninyi mna raba mbili, tangu chai."

Upande wa kushoto ulikwenda haraka, bila tukio la kusimulia, ila soda.

Jumapili nikaliingiza barabarani. Kwenye rasta, kimya. Kwenye tuta, kimya. Muuza genge alishtuka kuniona mbele yake bila taarifa, nyanya hazijapimwa, akanilaumu. Kasoro ilikuwa moja: usukani ulikuwa unatazama Segerea na gari linakwenda Buguruni. Hiyo ni kawaida, zile bolti mbili za chini zina nafasi kidogo kwenye tundu zake, na ukizifunga upya tairi halirudi palepale liliposimama mwanzo. Inabidi alaimenti. Kijana wa alaimenti aliponiona naingia alifungua mikono yote miwili. "Si nilikwambia, mzee? Alaimenti!"

Nilipofika nyumbani nilimkuta muuza vyuma chakavu amesimama na mkokoteni wake chini ya mwembe, anazigeuzageuza mauntini zangu kuukuu. Akazitia kwenye mzani, akazitoa.

"Hizi raba tupu, mzee wangu. Chuma kiko wapi hapa?"

Nikamwambia atoe chochote. Hakujibu. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye Corolla. Akaizunguka polepole, akagonga mlango kwa ngumi, akachungulia chini, akaupima mkokoteni wake kwa macho.

"Na hili je, mnaliachia kwa kilo au kwa jumla?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Mama Neema ikatokea dirisha la jikoni:

"Mwulize kwanza anatoa ngapi."