Kwa Mheshimiwa Mlinzi Mkuu wa Waaborijini, Perth

Mheshimiwa Bwana A. O. Neville,

Shikamoo. Najua tangu mwaka 1954 hupokei barua, lakini kwa mtu aliyekuwa akisoma kila karatasi iliyofika mezani kwake, si adabu kupita bila kubisha hodi.

Nimeangalia tena filamu ya Rabbit-Proof Fence, aliyoiongoza Phillip Noyce mwaka 2002. Kwanza hongera: umeigizwa na Kenneth Branagh, naye hakukuonea. Hafoki, wala hampigi mtu kofi. Anakaa ofisini akipima ombi la mwanamke anayetaka ruhusa ya kununua viatu vipya, na anakumbuka kuwa mwaka jana tu alipata vingine. Ofisa makini kweli. Wengi wetu tumewahi kuomba Mungu ofisi zetu zipate mtu wa namna hiyo, na nadhani ndicho kilichonitisha.

Niruhusu niulize kidogo juu ya cheo chako. Kwetu mlinzi ni mtu tunayemlipa akae getini na rungu na tochi ili watoto walale. Sheria ya mwaka 1905 ya Australia Magharibi ilimfanya mwenye cheo chako kuwa mlezi wa kila mtoto wa Kiaborijini na kila chotara aliye chini ya miaka 16, hata kama mama yake yupo hai na anampikia. Nimepekua kamusi zangu, sikuona mlinzi anayeondoka na watoto wa mwenye nyumba. Bila shaka kosa ni la kamusi.

Mwaka 1931 polisi alifika Jigalong na karatasi yako. Akamchukua Molly, mwenye miaka 14, pamoja na ndugu zake wadogo, Daisy na Gracie. Katika filamu, mama mmoja anang'ang'ania kioo cha gari hadi linamponyoka, na bibi anabaki chini vumbini akijipiga kichwa kwa jiwe. Naomba radhi kukutajia jambo hilo. Makaratasi hayakuwa na sehemu ya kuliandika.

Kuhusu uzio ulioipa filamu jina, Mheshimiwa, pole sana. Serikali ilivuta waya zaidi ya kilomita 1,800 kuzuia sungura wasiingie magharibi, na sungura, kwa utovu wao wa nidhamu, wakawa wameshapita kabla kazi haijaisha. Kisha Molly akatoroka na wadogo zake kutoka kambi ya Moore River walikopelekwa na kuufuata waya huohuo kurudi kwao. Alijua unapita Jigalong. Baba yake, mzungu, alikuwa mkaguzi wa uzio huo. Kilomita 1,600 kwa miguu, wiki tisa, huku Daisy wa miaka 8 akibebwa anapochoka. Gracie alikamatwa njiani. Wawili walifika kwa mama zao.

Habari nyingine nitazisema upesi, nisikuchoshe. Mwaka 1997 uchunguzi wa kitaifa ulikadiria kuwa kati ya 1910 na 1970 alichukuliwa angalau mtoto mmoja katika kila kumi wa wenyeji, pengine mmoja katika kila watatu. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Sikupenda uzisikie kwa majirani.

Nina ombi moja tu. Molly alipokuwa mtu mzima alirudishwa Moore River, safari hii na binti zake wawili. Mwaka 1941 akatoka tena kwa miguu, mdogo akiwa mgongoni. Mkubwa, Doris, akabaki, na ndiye aliyekuja kuandika kitabu kilichozaa filamu. Yule wa mgongoni naye alichukuliwa baadaye, akiwa bado mdogo. Molly alifariki Januari 2004 bila kumwona tena. Kama shughuli zako huko uliko zinaruhusu, Mheshimiwa, tafadhali fungua jalada lake umwambie mama yake mtoto alipelekwa wapi.

Nabaki mtiifu wako,
Mtazamaji