Shangazi wa Vitabu Anajibu

Shangazi, tuko wachache hapa Katoyi, Kongo, tunakutana kila Jumapili baada ya misa kuongea vitabu tulivyosoma. Papa mmoja, mwalimu mstaafu, akianza hakomi: anasimulia hadithi yote mpaka ukurasa wa mwisho. Juzi kanimalizia riwaya ya Peponi nami sijafika nusu. Ni mzee, nashindwa kumkatiza.
— Niliyeporwa Mwisho

Pole, mwanangu. Mzee hakatizwi, huulizwa. Ngoja amweke kijana Yusuf rehani kwa deni la baba yake, auvushe msafara wa mfanyabiashara Aziz ziwa Tanganyika kuja upande wetu wa Kongo, ndipo umwulize kwa adabu: "Papa, ungekuwa Chatu aliyewanyang'anya mali, ungewarudishia?" Akinyamaza kufikiri, mwenzako adake neno.

Na swali lenyewe si hila tupu. Mwandishi wa riwaya hiyo, Abdulrazak Gurnah, alipewa Nobel mwaka 2021, mwaka uliofuata tukapata Peponi kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Ni rahisi msomaji wa pwani kusafiri humo na wenye bidhaa. Nyinyi mnakaa upande wa Chatu, mkuu aliyekwisha kudhulumiwa na mfanyabiashara aliyetangulia, naye ndiye anayeonekana katili. Katoyi isipomsemea, nani atamsemea? Hayo ndiyo mazungumzo. Kusimulia tu hata kasuku anaweza. Mwisho wa Yusuf siutaji, mimi si Papa mwalimu.

Shangazi, wenzangu wote wanamtaja mwandishi Mudimbe. Mimi sijamsoma. Nitikise kichwa?
— Mwenye Haya

Usitikise. Sema hujamsoma, kisha uliza wenzako wameishia ukurasa gani. Utashangaa jinsi watu watakavyokumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni.

Shangazi, nilimwazima jirani riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi. Jana nimenunua karanga barabarani, zimefungwa kwa ukurasa wake!
— Mwenye Uchungu

Kanunue karanga zote, upange kurasa upya. Ile ni habari ya mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, haifai kuliwa vipande vipande. Kwa jirani usiende na ugomvi. Mwulize mbele ya mkewe: Rashidi wa riwaya hiyo alifanya nini bandarini? Akijua, msamehe, maana alisoma kabla ya kuuza. Asipojua, akulipe kitabu na karanga.

Wengine leteni barua. Vitabu msiniazime: sirudishi.