Sifa za Pipi ya Chenji

Washairi wetu wamesifu mnazi kuanzia mizizi hadi kuti, wakasifu jahazi, karafuu na mke mwema. Pipi ya chenji haijapata wa kuisemea. Nazungumzia ile pipi kifua ndogo unayowekewa kiganjani kwenye supamaketi za Dar es Salaam pale vitu vyako vinapofika shilingi 3,950, umetoa 4,000, na hamsini haipo. Inadharauliwa mno. Mtu huitumbukiza kwenye pochi kwa hasira, ikayeyukia humo hadi ikagandana na funguo za nyumba. Naona tumeionea, na kwa kuwa hakuna wakili mwingine, kesi yake naichukua mimi.

Tuanze na wepesi wake. Ndani ya supamaketi kila jambo lina safari. Ukiuliza sukari imehamishiwa wapi, kijana anayepanga bidhaa atakuelekeza kwa midomo, na midomo hiyo inaweza kumaanisha safu ya pili au Kibaha. Kopo likikosa bei, keshia atamwita mtu aje kuangalia, na huyo mtu tangu aitwe hajaonekana. Ukisahau kupimisha nyanya kwenye mizani iliyoko nyuma kabisa, karibu na bucha, utarudishwa huko huku foleni nzima ikikusindikiza kwa macho. Ukimaliza kulipa kuna mlinzi mlangoni, anayeipokea risiti yako, anaitazama kwa makini, mfuko wako hautazami, kisha anaichora kwa kalamu. Pipi haina safari. Inafika kabla hujafunga pochi, bila kuombwa, bila keshia kwenda kumuuliza meneja. Kama kuna huduma kwa wateja ambayo tumeifikisha viwango vya kimataifa, ni hiyo.

Siku ukibahatika kusimama vizuri, chungulia droo ya keshia inapofunguka. Imegawanywa vyumba vidogo, sarafu kwake na noti kwake. Chumba cha mia tano kina nyati wake. Cha mia mbili kina simba wachache. Cha hamsini hakina kifaru hata mmoja. Kimejaa pipi, zimepangwa vizuri, karatasi zake za kijani zikielekea upande mmoja. Sarafu ya hamsini ina picha ya kifaru, na kwa kuwa mnyama mwenyewe amebaki kwa uchache porini, tusishangae kwamba kwenye droo ametoweka. Porini tumemwekea askari. Kwenye droo tumemwekea mrithi.

Wanaodhani haya ni mambo ya uswahili wetu hawajui pipi imetoka wapi. Waitalia, ambao katika karne ya 15 ukoo wao wa Medici uliendesha benki kutoka Florence, walipungukiwa na sarafu katika miaka ya 1970 hadi muuzaji akawa anarudisha chenji kwa pipi, stempu za posta na vile vidude vya kupigia simu za barabarani. Mwishoni mwa mwaka 1975 benki zao zikaanza kuchapisha hundi ndogondogo kuziba pengo. Zimbabwe nayo ilipoachana na dola yake mwaka 2009 ikatumia ya Marekani, noti zilikuwepo, senti hazikuwepo, na mteja akawa anatoka dukani na pipi, kalamu, au kikaratasi cha kuonyesha kwamba anadai. Ilibidi kusubiri hadi Desemba 2014 benki kuu yao ilipotoa sarafu maalumu. Pipi yetu, basi, ina ndugu mashuhuri. Tofauti ni kwamba wenzetu kilichowafikisha huko ni sarafu kukosekana nchini kweli, ilhali hamsini yetu bado ni fedha halali. Tumefika walipofika bila kulazimika kuvunja uchumi kwanza, na hayo nayo ni maendeleo.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inasema mwenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu nchini ni Benki Kuu peke yake. Pipi haijagombana na mtu kuhusu hilo. Haina saini ya Gavana wala uzi wa usalama, na sijasikia aliyekamatwa kwa kuighushi. Pakiti yake imeandikwa mwisho wa matumizi ni lini, uungwana ambao hakuna noti iliyowahi kutufanyia. Mwaka 2021 ilipoletwa tozo ya miamala ya simu, kila aliyetuma na kutoa pesa aliguna; pipi ilizidi kupita mkono kwa mkono bila kukatwa hata chembe. Na leo ukimshauri mtu alipe kwa simu, 3,950 kamili, atakujibu kwamba simu ina makato. Kweli, halafu makato hayana ladha.

Ina heshima nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, akampa mteja kikapu na ruhusa ya kujichagulia mwenyewe kwenye rafu. Kabla yake ulikuwa unasimama mbele ya kaunta, unataja shida yako, muuzaji anakuletea, jinsi mangi wa mtaani anavyofanya mpaka leo nyuma ya nondo zake. Tangu hapo mteja ndiye anayehangaika kuchagua, na muuzaji amebaki kupokea tu. Pipi imemrudishia muuzaji cheo chake. Ni bidhaa pekee unayotoka nayo bila kuichagua, bila kuuliza bei, na bila kuonekana kwenye risiti. Isome risiti yenyewe: jumla 3,950, taslimu 4,000, chenji 50. Mashine ya TRA imeshatoa ushahidi kwamba hamsini umepewa. Sasa kati yako wewe uliyeshika pipi na mashine ya TRA, ataaminika nani?

Ila sifa iliyonifanya nishike kalamu ni kwamba pipi inaleta amani. Nilimshuhudia bwana mmoja, tai shingoni, akiikataa.

“Dada, naomba hamsini yangu.”

“Hamsini hamna, kaka. Chukua pipi.”

“Sili pipi. Nina sukari.”

Keshia alifikiri kidogo, akainama chini ya kaunta, akaibuka na kiberiti.

Yule bwana akasema hata kiberiti hataki, kwake wanatumia gesi ya kuwashia kitufe. Foleni ikaanza kukohoa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, kwa upole ule unaochinja, “Baba, kwa hamsini kweli?” Kijana aliyekuwa nyuma yake akachomoa mia mfukoni, akaiweka kaunta: “Mpe, tuondoke.” Yule bwana haki alikuwa nayo, ya kisheria, ya kihesabu na ya kiafya. Akatoka bila hamsini, bila mia ya watu, bila pipi, na kiberiti akakiacha palepale. Pipi haikukatazi kudai chako. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba ukidai, bahili ni wewe.

Wapo wapenda hesabu wasiopenda amani. Watakwambia: tuseme duka linahudumia wateja 400 kwa siku, na robo yao wanadai hamsini. Hizo ni shilingi 5,000 kwa siku, 150,000 kwa mwezi, zimegeuzwa pipi ambazo duka lilizinunua kwa bei ya jumla. Haba na haba hujaza kibaba; methali haikusema kibaba cha nani. Wataongeza kwamba aliyeandika bei ya 3,950 alijua fika hamsini haipo, na kalamu yake ingeweza kuandika 3,900 kwa wino uleule. Hoja ni nzito, sitaibeza. Ninachoomba ni keshia asisingiziwe. Asubuhi anakabidhiwa droo ikiwa na pipi zake tayari, na jioni hesabu ikipungua anakatwa mshahara, wala hakatwi kwa pipi. Ukimfokea unamfokea mtu ambaye akitoka hapo anagombania daladala, na konda hapokei peremende.

Nakubali kasoro moja, maana wakili asiyekubali lolote haaminiki. Pipi inajua njia ya kwenda, ya kurudi haijui. Mangi hamsini naye hana, lakini atakwambia “utakuja kuchukua”, na siku ukipungukiwa wewe atasema “utaleta”. Anakumbuka kote kuwili bila kuandika popote. Supamaketi haina kumbukumbu hiyo. Vitu vikifika 4,050, nawe una 4,000 na pipi moja nzima, karatasi haijafunguliwa, iliyotoka kwenye droo hiyohiyo juzi, keshia atacheka akidhani unatania. Ukimwonyesha kwamba hutanii, atapitisha macho kwenye vitu vyako, atoe sabuni.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenye supamaketi. Pale kaunta mmeshabandika kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Pipi hamkuniuzia. Bandikeni basi na kibao cha pili, kwa herufi kubwa zilezile: pipi ishirini ni shilingi elfu moja, zinapokelewa hapa. Za kununulia mkate ninazo tayari.