Pini 40 na Wagombea Wawili

Raspberry Pi, yaani kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja, ina pini 40 katika matoleo makuu ya tangu 2014, na hata hivyo fundi wa Kilimani, Nairobi, arejeaye kutoka maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na moduli ya GPS na nyingine ya laini ya simu hugundua kwamba zote mbili zinadai pini ya 8 na ya 10, ambamo data hupita biti moja baada ya nyingine. Pini ya 3 na ya 5 zimestaarabika zaidi, kwani vihisi vingi huzitumia kwa pamoja mradi kila kimoja kina anwani yake, utaratibu ambao matatu za katikati ya jiji, zigombaniapo steji, hazijaufikia. Mchoro wa pini hutolewa bure, na kwa desturi husomwa baada ya moduli ya pili kulipiwa.