Sifa za Mtandao Unaokwama

Wenzangu husifu kasi. Mimi nausifu mtandao unaokwama, ule unaokugandisha mdomo wazi na jicho moja limefumba. Tumeutukana vya kutosha, na haujawahi kujibu.

Mtazame anayejiandaa kwa usaili wa video saa nne asubuhi. Juu koti na tai, chini kaptula ya kulalia. Meza imesogezwa ili kitanda kisionekane. Kompyuta imeinuliwa juu ya vitabu vinene, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza vitabu hivyo kupata tangu vinunuliwe. Watoto wako kwa bibi yao. Jirani mwenye redio ameombwa kwa heshima zote. Jogoo, ambaye haombeki, amefunikwa tenga. Umeme wa LUKU umeongezwa, majibu yamebandikwa nyuma ya kamera. Kilichokosa muda ni kufikiri tu.

Basi msaili anauliza: "Tueleze udhaifu wako mkubwa." Hapo ndipo mtandao, wenye huruma kuliko binadamu, unapoganda. Ofisini, mbele ya jopo, usingekuwa na pa kukimbilia. Huku unapata nafasi ya kumeza mate, kunywa maji, kusoma karatasi, kisha unarudi mpole: "Samahanini wakuu, mtandao unasumbua. Swali lilikuwaje?" Nao wanalirudia taratibu, tena kwa maneno mepesi zaidi.

Si wasailiwa tu wanaofaidika: watafiti wanaohoji watu kwa video wanalalamika kwamba kukatika kunawaharibia mahojiano. Nawashangaa. Jibu la kwanza la mhojiwa ni lile alilolipanga tangu jana; akiambiwa "rudia tafadhali", amechoka kupanga, ndipo anaposema yake.

Isitoshe, mtandao huu haujui cheo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mkurugenzi na karani wakakwama pamoja, na hakuna aliyeulizwa kwa nini hakuhudhuria kikao. Cheti gani cha daktari kiliwahi kuaminika hivyo?

Tazama sasa hasara za mtandao mzuri. Machi 2017 Profesa Robert Kelly alikuwa akihojiwa na BBC moja kwa moja kutoka nyumbani kwake Busan, kuhusu kuondolewa kwa rais wa Korea Kusini. Binti yake akaingia kwa madaha, mdogo wake akafuata ndani ya kigari cha kujifunzia kutembea, mama yao akaja mbio akiteleza sakafuni kuwakusanya. Dunia nzima iliona, kwa sababu mtandao wa Korea hauna adabu ya kukatika. Februari 2021 wakili mmoja wa Texas akatokea mbele ya jaji akiwa na sura ya paka mdogo, ikambidi ajieleze kwamba yeye si paka. Kwa mtandao wetu, picha ile isingefika kabisa, na heshima yake ingebaki salama.

Kwa hiyo, enyi wahandisi, tandazeni nyaya zenu mpendavyo, ila mtuachie kukwama kidogo. Nawe mwenye usaili kesho, acha kwanza kupanga vitabu. Keti ujiulize kama unayo majibu. Ukiona huna, nunua bando dogo.