Jinsi ya Kuishinda Imunolojia kwa Kadi ya Kliniki

Kwanza, funga desa. Najua limepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa udaktari kabla yako, na limepakwa rangi hadi hakuna mstari uliobaki mweupe. Lifunge hivyo hivyo. Anayekesha akikariri CD3, CD4, CD8 na CD19 kama konda anayeita vituo vya daladala atayamwaga yote kwenye mtihani, kisha mama mwenye mtoto mgongoni atamuuliza kwa nini sindano ileile inarudiwa mara tatu, naye atabaki kutazama dari.

Pili, tafuta mtoto. Si lazima awe wako. Wa dada anatosha, hata wa jirani. Mwombe mama yake kadi ya kliniki, ile anayoitunza kwenye mfuko wa nailoni, na uirudishe bila doa la chai. Sijaona kitabu cha imunolojia kinachoifikia.

Anzia juu, siku ya kuzaliwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo binadamu alipewa kwa mara ya kwanza mwaka 1921, huingizwa ndani ya ngozi tu. Wiki kadhaa baadaye hutokea kipele, kinageuka kidonda kidogo, kinaacha kovu. Usikipake dawa, na mwambie bibi naye asikipake. Pale chini makrofaji zimemeza bakteria hai waliodhoofishwa na zinaziita seli T. Kingamwili haziwezi kumfikia bakteria aliyejificha ndani ya seli. Kazi hiyo ni ya seli T, zikiwamo zile zenye alama ya CD4. Ukilielewa hilo, CD4 haitakuwa tena namba ya kukariri: utajua kwa nini mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeporomoka huandamwa na kifua kikuu, na kwa nini mtoto mwenye dalili za UKIMWI hapewi chanjo hii iliyo hai.

Matone ya polio hayana maneno mengi. Virusi vyake huingilia mdomoni, basi chanjo nayo ipite hukohuko, iamshe IgA kwenye utando wa utumbo.

Sasa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile sindano ya magonjwa matano. Dozi ya kwanza huleta IgM, kisha IgG kidogo, na huacha seli B za kumbukumbu. Dozi zinazofuata huzikuta hizo ziko macho. Ndani ya tezi za limfu seli B huchujwa bila huruma: zinazoishika antijeni kwa nguvu zinabaki, zinazoishika kwa ulegevu zinakufa. Hilo ndilo jibu la yule mama. Chungulia pia Hib iliyomo humo. Bakteria huyu amejivika sukari, na kinga ya mtoto mchanga haiishughulikii sukari peke yake ipasavyo. Wataalamu wakaifunga sukari hiyo kwenye protini, seli T zikapata cha kutambua, nazo zikaisaidia seli B. Mimi huona hii ni kazi nzuri kuliko zote zilizomo kwenye kadi.

Ukifika miezi 9, vuta kiti. Kwa nini surua isubiri muda wote huo? Kwa sababu mama alikwisha kumkinga mwanawe. IgG hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho ya mimba, na ndiyo sababu mjamzito huchanjwa pepopunda ili mtoto azaliwe amelindwa. Lakini chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na lazima vizaliane kidogo ndipo kinga iamke. Kingamwili za mama zikivikuta mapema, huvizima. Marekani dozi ya kwanza hutolewa kati ya miezi 12 na 15. Kwetu, ambako surua bado inazunguka, mtoto hawezi kuachwa wazi hadi hapo, kwa hiyo tunachanja miezi 9 tukijua kwamba takriban asilimia 85 tu ya watoto watapata kinga. Kumbuka pia kwamba virusi vya surua huua seli za kumbukumbu, hivyo mtoto aliyeugua hupona surua huku amepoteza sehemu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine.

Dozi ya miezi 18, basi, ipo kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho. Kabla hujairudisha kadi, tazama mstari huo. Ukiukuta mtupu na umri umefika, mwambie dada ampeleke mtoto kliniki wiki hii.